Mbwa mdogo, kuku wa jirani na mama mkwe aliye njiani

Mshauri, salaam.

Naishi Arusha na mume wangu na mtoto wetu wa kiume wa miaka 9. Tumepanga nyumba yenye ua wa wastani: mbele kuna geti la nondo, pembeni na nyuma ni michongoma iliyoshikizwa na waya. Tuna mbwa dume, chotara. Mama yake ni Jack Russell, baba yake mbwa wa kienyeji. Ana mwaka na nusu, uzito wake kilo 7, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, na jina lake Cheche. Hajahasiwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa alipata akiwa na miezi 3 na akarudiwa alipotimiza mwaka. Kadi yake ninayo.

Cheche hachoki. Sisi wawili tunatoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni, naye anashinda uani. Dada wa kazi anamwogopa, humwekea ugali na dagaa akarudi ndani mbio. Akipita mtu mbele ya geti, awe bodaboda, muuza mboga au wanafunzi, Cheche atamfuata kwa kubweka tangu mwanzo wa ua hadi mwisho. Chini ya michongoma amechimba mashimo. Tukifukia hapa, kesho anaanzia pale. Akishatoka haendi kwingine ila kwa jirani, anayefuga kuku wa kienyeji wanaojitafutia wenyewe. Ameshawaua kadhaa, na safari hii kamuua tetea mwenye vifaranga. Tumelipa. Lakini jirani kasema waziwazi kwamba akimwona tena kwake hatakuja kudai fedha, atajua la kufanya. Huku kwetu maneno hayo hayahitaji tafsiri: ni nyama yenye sumu.

Sasa mama mkwe anatoka Tanga kuja kuishi nasi. Alivunjika nyonga akafanyiwa upasuaji, anatembea kwa kushikilia fremu. Ni mtu wa swala tano. Mume wangu anasema mama hawezi kukaa nyumba moja na mbwa, kwanza kwa sababu ya udhu, pili kwa sababu Cheche humrukia kila anayeingia. Anataka tumpeleke kwa binamu yake Babati, shambani, kwenye nafasi. Nisipokubali, basi afungwe mnyororo nyuma ya nyumba mchana, afunguliwe usiku alinde.

Mtoto wangu tangu asikie mazungumzo hayo amepoteza furaha kabisa. Huyo mbwa ndiye rafiki yake. Ila liko jambo linanikosesha amani: Cheche akiwa na mfupa humkoromea mtoto, na juzi alimbana mkono kwa meno. Hakutoboa ngozi. Mume wangu sijamwambia, maana najua hapo mjadala utakuwa umekwisha.

Nimtoe? Nimfunge? Nimhasi atulie? Na kama atabaki, nifanye nini hasa?

Niliye njia panda, Arusha

*

Dada yangu,

Pole sana. Umebanwa na jirani, mume, mtoto na mgeni wa heshima kwa wakati mmoja, na bado barua yako haina neno la kumdharau yeyote kati yao. Hilo litakusaidia, kwa sababu lolote utakaloamua litahitaji watu hao hao wakusikilize.

Nikiisoma barua naona mambo manne: kuku wa jirani, kelele za getini, ujio wa mama, na meno ya Cheche kwenye mkono wa mtoto. Mume wako amependekeza jibu moja la kuyamaliza yote kwa mpigo. Huenda yuko sahihi. Lakini kila moja lina chanzo chake, na ukiyatenganisha utaona mawili au matatu yana dawa inayojulikana, hata kama moja litabaki gumu.

Nianze na lile uliloliweka mwisho, kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Kuku hulipwa, mkono wa mtoto haulipwi. Mbwa anayekoroma juu ya mfupa hana roho mbaya, anatoa onyo. Kakoroma, mtoto hakuondoka, ndipo akabana bila kutoboa. Hiyo ni hatua ya pili ya onyo, na ya tatu unaijua. Watu wengi hapo humchapa mbwa kwa sababu ya kukoroma. Matokeo yake anajifunza kunyamaza, halafu siku moja anauma bila taarifa. Acha akorome, ila nyinyi mbadilishe mazingira.

Kuanzia leo mfupa usitolewe mahali mtoto anapopita. Mifupa iliyopikwa isitolewe kabisa, maana hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Chakula apewe sehemu iliyofungwa, na bakuli liondolewe yeye akiwa hayupo. Kisha mtu mzima, sio mtoto, aanze zoezi hili. Cheche akiwa anakula, pita umbali wa mita 2 hivi, mrushie kipande cha maini ya kuchemsha kinachozidi utamu kilichomo bakulini, na uendelee na safari yako bila kusimama. Usinyooshe mkono, usimguse. Baada ya siku kadhaa, akikuona unakuja na kuinua kichwa kwa furaha badala ya kukaza mwili, punguza umbali kidogo. Akikaza mwili, umesogea mapema, rudi nyuma. Mtoto naye afundishwe kuisoma miili ya mbwa: kujilamba midomo pasipo chakula, kugeuza uso pembeni huku jicho likionyesha weupe, mwili kuganda ghafla. Hizo zote maana yake ni "niachie nafasi". Kwa sasa wasiachwe wawili peke yao, hata dakika tano za wewe kuepua sufuria.

Hata hivyo daktari wa mifugo amwangalie kwanza. Jino bovu au sikio lenye maumivu humfanya mbwa mpole awe mkali, na hilo halitibiwi kwa mafunzo. Na ikitokea siku ngozi ikatoboka, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, kadi ya chanjo ikiwa mkononi. Kadi haifuti safari ya hospitali. Inamsaidia mganga kuamua. Mbwa mwenyewe huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10.

Kuhusu kumwambia mume wako: umesema akijua mjadala utakwisha. Nakuuliza kwa upole, je, una uhakika? Kinachoweza kuvunja mambo zaidi ni yeye kulijua jambo hili baada ya mama kufika, sahani ya nyama ikiwa mapajani mwa bibi na mjukuu ameketi pembeni. Ukilipeleka mwenyewe, pamoja na hatua ulizokwisha kuanza, atakuwa anajadili na mtu anayeliona tatizo kama anavyoliona yeye.

Sasa tumtazame Cheche mwenyewe. Upande wa mama yake unatoka Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwa mchungaji wa Kianglikana aliyeitwa John Russell, aliyezaliwa mwaka 1795 na kufariki 1883. Mwaka 1819, akiwa mwanafunzi Oxford, alinunua jike mweupe aliyeitwa Trump, na kutokana naye akaendeleza teria, yaani aina ya mbwa wadogo wa kuwinda mbweha. Kazi yao ilikuwa kuingia kwenye shimo la mbweha, kumbwekea humo humo ardhini bila kukata tamaa, mpaka atoke au wawindaji wamfukue. Walichaguliwa wenye kifua chembamba kinachozungukwa na viganja viwili vya mtu, wenye sauti, wenye kuchimba, na wasiorudi nyuma. Kwa vizazi na vizazi, aliyebweka na kuchimba ndiye aliyepewa nafasi ya kuzaa. Ukichanganya na damu ya mbwa wa kienyeji, mwepesi wa kujitafutia na kuzoea mtaa mzima, unapata mbwa ambaye kila unachokilalamikia ni kazi anayoifanya vizuri. Huwezi kumtoa tabia hiyo. Unachoweza ni kuamua aifanyie wapi.

Unasema hachoki. Nadhani ni kinyume: hapumziki. Mbwa mzima hulala karibu nusu ya siku, na Cheche kutwa nzima yuko zamu. Mfikirie pale getini. Bodaboda inatokea, anabweka, bodaboda inapotea. Kwa akili yake ameifukuza yeye. Kila mpita njia anamlipa ujira, na kesho atabweka kwa bidii zaidi. Ua mkubwa haumpi mazoezi, unampa mpaka wa kulinda.

Kwa hiyo geti lizibwe kwa bati au mbao, tangu chini hadi mita 1 na ushee, ili asione miguu ya watu. Na mchana asishinde mbele kabisa. Awe upande wa nyuma, penye kivuli na maji, pasipoonekana barabara. Kelele hazitaisha, ila zitapungua, na hapo ndipo mtapata mwanya wa kumfundisha. Akibweka umwite mara moja kwa sauti ya kawaida, akigeuka tu mpe kitu. Ukipaza sauti atadhani nawe umejiunga kubweka.

Mazoezi anayohitaji ni kama saa moja kwa siku, na mnaweza kuigawa. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla lami haijapata moto, dakika 25 hadi 30 za kutembea, kichwa chini akinusa. Kunusa kunamchosha kuliko kukimbia. Jioni dakika 20 nyingine, na ndani ya nyumba dakika 5 za mafunzo. Kama mtatoka jua likiwa limewaka, weka nyuma ya kiganja chako kwenye lami kwa sekunde 7. Usipovumilia, naye hatavumilia. Tumia mkanda wa kifuani badala ya kola, kwa sababu teria huvuta na koo lake ni dogo. Uubane kiasi cha vidole viwili kupita chini yake. Ukilegea zaidi, atarudi kinyumenyume na kuuvua mbele ya macho yako.

Kisha chakula. Badala ya bakuli moja, sehemu ya dagaa mtawanyieni majanini asubuhi mnapoondoka, wasafishwe mchanga na wasiwe wa chumvi. Kuwatafuta mmoja mmoja kutamchukua nusu saa. Mbwa wa kilo 7 mwenye shughuli anahitaji takriban kalori 480 hadi 540 kwa siku, kwa hiyo utakachompa kwenye mafunzo kitoke humo humo, kisiwe nyongeza. Kitunguu na kitunguu saumu visiingie kwenye chakula chake, hata kwenye mchuzi.

Michongoma sasa. Kufukia mashimo ni kumwandalia udongo laini. Muulizeni kwanza mwenye nyumba, kisha nunueni wavu wa chuma uliochomelewa, matundu ya sentimita 2.5 hadi 5, upana wa sentimita 90. Ukunjeni kwa pembe mraba kwa urefu wote: sentimita 30 zisimame zikiegemea ua, sentimita 60 zilale chini kuelekea ndani, upande wa Cheche. Sehemu iliyosimama ifungwe kwenye waya wa ua kwa waya wa kufungia nondo, kila baada ya sentimita 30. Iliyolala ishikiliwe na vipande vya nondo nyembamba vilivyokunjwa kama herufi U, kila nusu mita, kisha ifunikwe udongo au mawe. Palipo na kiungo, vipande vipandane sentimita 15. Siri yake iko hapa: mbwa huchimba pale pale ua unapogusa ardhi. Akikuta chuma, husogea kushoto au kulia. Wazo la kurudi nyuma zaidi ya nusu mita na kuanzia huko humjia kwa nadra sana. Msitumie wavu mwembamba wa banda la kuku. Masika moja tu unapata kutu, na ncha zake zitamchana vidole. Chini ya geti msiache pengo linalopitisha kichwa chake, maana kichwa kikipita mwili hufuata. Kizingiti cha zege ndicho suluhisho la kudumu.

Na mumpe mahali halali pa kuchimba. Shimo la mita 1 kwa mita 1 na nusu, kina cha sentimita 40, lijazwe mchanga uliochanganywa na udongo, chini ya mti. Zikeni humo gunia kuukuu lenye harufu ya dagaa, mwanzoni juu juu, baadaye chini zaidi. Hii ni kazi nzuri ya mtoto, kulizika gunia wakati Cheche amefungiwa ndani, kisha kumfungulia.

Kuku ni habari nyingine, na sitakudanganya. Kinachomwamsha teria ni mwendo wa kuku kukimbia, na kumkamata ni zawadi kubwa kuliko maini yako yote. Kila kuku aliyemuua umemzidishia hamu. Kuna watakaokushauri umfungie kuku aliyekufa shingoni hadi aoze. Mbwa haunganishi mzoga wa leo na mbio za jana. Utapata vidonda, nzi na uvundo, na kuku wataendelea kufa. Anayekuahidi kwamba Cheche atakuja kuzoea kuachwa huru na kuku pasipo mtu, usimwamini. Lengo linalofikika ni mawili: asiwafikie, na akiitwa ageuke.

Hilo la pili hufundishwa kwa kamba ya mita 10, nyembamba, iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani, kamwe sio kwenye kola. Usiizungushe vidoleni, akichomoka itakata. Anzia uani pasipo kitu cha kumvutia. Piga filimbi mara moja, akigeuka mpe kipande, mwachie arudi kunusa. Kumwachia ni muhimu: mbwa anayeitwa kila mara ili kufungwa hujifunza kutokuja. Akishageuka bila kusita, hamia mahali ambapo anawaona kuku kwa mbali, pengine mita 20 au 30, umbali ambao bado anakubali chakula. Akikataa maini, mko karibu mno. Dakika 5, mnaondoka. Usisogee hadi umbali huo umchoshe.

Umeuliza kuhusu kuhasi. Kunapunguza kutoroka kufuata majike, kunapunguza kukojolea kuta, na kunazuia watoto wasio na kwa kwenda. Ningekuunga mkono ukifanya kwa sababu hizo. Kuku, mashimo na kubweka getini havimo kwenye orodha. Kidonda kinahitaji siku 10 hadi 14 za utulivu, basi msipange kipindi hicho kiangukie wiki anayofika mama.

Jirani naye mmemlipa, jambo jema, lakini malipo humwambia tu kwamba yaliyopita yamekwisha. Anachotaka kujua ni kesho. Mwendeeni nyote wawili, wewe na mume wako, mkamwonyeshe wavu mlioweka, mkampa namba zenu za simu apige badala ya kuchukua hatua. Mkiona bado ana kinyongo, mjumbe wenu au mwenyekiti wa mtaa akae katikati. Huenda mkaona inafaa kuchangia banda la wale vifaranga waliobaki. Lakini hatari ya sumu iangaliwe kama jambo la kweli. Cheche akitokwa povu, akitetemeka, akijisaidia ovyo, msipoteze muda kumnywesha maziwa au mafuta. Mbebeni kwa daktari pamoja na mabaki ya alichokula. Na sumu haitoki kwa jirani peke yake. Teria hukamata panya, na panya aliyekula sumu huenda nayo tumboni mwa mbwa, damu ikakosa kuganda siku chache baadaye. Kwenu msitege panya kwa sumu. Panya pia hubeba vimelea vya leptospirosi, ile homa ya mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022, inayowapata watu na mbwa. Muulize daktari kama chanjo alizopata Cheche zinaijumuisha.

Tuje kwa mama. Mume wako anasema mama hawezi kukaa nyumba yenye mbwa. Je, mama amelisema mwenyewe, au mmemsemea? Waislamu wengi wa pwani yetu ni wa madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mbwa kuwa najisi nzito. Kilichoguswa na mate au unyevu wake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini kugusana kukavu kwa kukavu hakuhamishi najisi, na kuguswa na mbwa hakuvunji udhu wenyewe. Kunalazimu kuosha pale palipopata unyevu. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda wana ruhusa tangu zamani. Mama huenda anayajua haya kuliko sisi sote, na huenda bado hataki mbwa machoni pake. Ni haki yake. Ila mpigieni simu, mumuulize kwa adabu: kumwona mbwa uani kwa dirishani kunakukera? Akiwa na sehemu yake isiyogusana na chumba chako, msala wako na nguo zako? Majibu yake yatawapa mpaka wa kufanyia kazi, badala ya mpaka wa kukisia. Mkiwa na shaka ya kidini, imamu wa msikiti wenu atawapa jibu.

Kwa upande wa nyonga, hofu ya mume wako ina msingi kabisa. Kilo 7 zikipita kwa kasi kati ya fremu na miguu zinatosha kumwangusha mtu mzima mwenye mfupa unaopona. Hapa sioni nafasi ya kujaribu-jaribu. Cheche na mama wasikutane bila kizuizi. Kama atakuwa ndani ya nyumba wakati wowote, mlango wa kuelekea chumba cha mama uwe na kizuizi cha mita 1.2, cha mbao zilizosimama wima, kwa sababu za mlalo atazipanda kama ngazi, na mita 1 huiruka bila taabu. Kurukia wageni kunafundishika, mradi nyumba nzima ifanye kitu kimoja: anaporuka, mikono kifuani, geuka mgongo, kimya, miguu minne ikiwa chini, chakula kinashuka sakafuni. Mmoja akimbembeleza angali hewani, mmerudi mwanzo. Na huyu dada wa kazi, ambaye ndiye atakayekuwa na mama na mbwa kutwa nzima, ameulizwa? Hofu yake ni sehemu ya hesabu. Anaweza kuanza kwa kumrushia dagaa akiwa upande wa pili wa kizuizi, bila kulazimishwa kumgusa. Akisema hawezi, msipange kitu kinachomtegemea yeye.

Babati inasikika vizuri, na pengine ni nzuri kweli. Lakini "kuna nafasi" haitoshi. Huko kuna kuku? Bila shaka wapo, pengine na vitoto vya mbuzi, na hakuna wavu. Binamu anajua kwamba anapokea muuaji wa kuku, au ameambiwa anapewa mlinzi? Nani atalipia chanjo kila mwaka? Shambani kuna kifutu na swila, na teria hampishi nyoka njia. Kama binamu ana mtu anayeshinda naye shambani, stoo yenye panya wa kukamata, na kuku waliofungiwa, Cheche anaweza kupata huko maisha ambayo ninyi hamwezi kumpa. Kama atafika, aue kuku wiki ya kwanza, afungwe kambani nyuma ya ghala, mtakuwa mmeihamisha shida kilomita mia na ushee na kuitoa machoni penu. Muulize binamu moja kwa moja, umtajie kuku na mfupa, kisha mkubaliane mwezi mmoja wa majaribio, na kwamba asipofaa anarudi kwenu. Ipo pia njia ambayo hamjaitaja: familia nyingine hapo mjini, isiyo na watoto wadogo wala kuku, yenye mtu anayependa kutembea. Hiyo nayo inadai ukweli wote usemwe.

Mnyororo ndio sehemu ambayo nitasema wazi ninavyoona. Mbwa mwenye nguvu kama huyu akifungwa kutwa hubweka zaidi, na akiona hana pa kukimbilia huuma upesi zaidi, na atakayemkaribia kwa upendo ni mtoto wako. Halafu kufunguliwa usiku ndio usiku wa kwenda kwa jirani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inamwekea mfugaji wajibu juu ya hali ya mnyama wake. Ikibidi afungwe kwa muda mfupi, kwa mfano wageni wa mama wanapoingia, tandazeni waya juu kati ya nguzo mbili, kamba iteleze juu yake, ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, mbali na kitu chochote anachoweza kukiruka akaning'inia.

Kama wavu, geti, matembezi na zoezi la bakuli vitaanza wiki hii, wiki 3 au 4 zitawaonyesha Cheche ni mbwa gani akiwa na kazi yake. Kama mama anafika kabla ya hapo, mnaweza kumpeleka Babati kwa majaribio kwanza na kuendelea na ua huku nyuma. Kama hamna muda wa asubuhi hata kidogo, na hilo mnalijua ninyi, basi swali la kumpa mtu mwingine lina uzito tofauti, na kulifikiria si kumsaliti mbwa. Jambo moja la kiafya msilisahau katikati ya haya yote: siku Cheche atakapotulia ghafla, msifurahi. Angalieni fizi kama zimepauka, pimeni joto. La kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Homa za kupe huanza hivyo, na kupe wa mbwa hujificha hadi kwenye nyufa za kuta.

Mtoto aambiwe ukweli mapema, kabla hamjaamua, na asiambiwe kwamba kura yake ndiyo itakayoamua. Mwambieni kwamba bibi lazima awe salama, yeye lazima awe salama, na mnatafuta mahali ambapo Cheche naye atakuwa salama, na kwamba huenda mahali hapo si hapa. Asije akarudi shuleni akakuta banda tupu. Akitaka kusafiri naye hadi Babati, aende.

Utuandikie tena ukipenda, na utueleze mama amejibu nini kwenye simu, binamu ana kuku wangapi, na Cheche hufanya nini mtu mzima anapopita karibu na bakuli lake.